Kamba ya Bi Muhanga

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye kiu?

Asogee!

Mwenye masikio?

Asikie!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, katika nyika ya Kiwambo, mabwawa yote yalikauka. Wanyama wakalia. Bi Muhanga, yule mnyama mchimba mashimo, hakulia, alichimba. Akachimba kwa kucha zake, akachimba mpaka mgongo ukamuuma, akachimba mpaka akayafikia maji, chini kabisa.

Kisima kilikuwa kirefu, na maji hayapandi yenyewe. Basi Bi Muhanga akaweka sharti. "Kila anayekuja kuteka, aje na uzi wa katani. Tembo alete mrefu, Kobe alete mfupi, kila mtu kwa kimo chake. Maji katupa Mungu, lakini kamba tunasokota wenyewe."

Kila jioni alikaa kisimani, akaondoa nyuzi zilizochakaa, akaunga mpya. Ah, alivyojivunia kamba ile! Aliipapasa kama mwanawe.

Sasa, Mzee Nyati, mkubwa wa nyika, alipenda sifa kupindukia. Siku ya karamu yake alipanda juu ya kichuguu, akanguruma, "Kuanzia leo, maji bure! Hakuna cha uzi wala nini!"

Wanyama wakapiga vigelegele. Fisi alicheza mpaka akaanguka. Nanyi mngecheza, msinitazame hivyo!

Siku zikapita, kamba ikaanza kulika. Bi Muhanga akaenda kwa Nyati.

"Shikamoo, mzee. Kamba inalika."

"Marahaba. Piga fundo."

Kamba ikalika tena, naye akaenda tena.

"Shikamoo, mzee. Mafundo yamezidi kamba."

"Marahaba. Piga jingine."

Ikalika tena, akaenda tena.

"Shikamoo, mzee. Zimebaki nyuzi chache."

"Marahaba. Usinisumbue, Bi Muhanga! Nimetuma salamu kwa Vifaru wa ng'ambo ya milima. Watatuletea kamba nzuri, tena ya bure."

Bi Muhanga akarudi kisimani, akangoja. Kamba ya ng'ambo haikuja. Asubuhi moja ile ya kwao ikakatika, kata! Kibuyu cha kutekea kikazama, chubwi!

Wanyama wakachungulia. Maji wanayaona, kuyafikia hawawezi. Ndama wa Nyati akalamba ukingo mkavu wa kisima, akaanguka magoti. Mzee Nyati akalia mbele ya watu wote.

"Bi Muhanga, mwanangu anakufa. Sokota kamba, nakuomba!"

Moyo ulimuuma Bi Muhanga, maana ndama yule alizoea kumchezea mkia. "Nisokote nini, mzee? Kucha ninazo. Katani iko wapi?"

Nyati alitoka mbio mpaka kwenye mikonge, miiba ikamchoma pua, akarudi na furushi juu ya pembe. Wengine wakamfuata, hata Fisi. Nyani wakachambua, Bi Muhanga akasokota. Kamba ikashuka, ikashuka, ikapelea kidogo tu. Kidogo tu, jamani!

Ndipo Kobe akafika, anahema, na uzi wake mfupi mdomoni. Bi Muhanga akauunga. Kibuyu kipya kikagusa maji, na ndama akanywa.

Nyati akapanda tena kichuguu. "Nilitafuta sifa, nikawaletea kiu. Sharti la Bi Muhanga limerudi, na linaanza na mimi."

Tangu siku hiyo, mgeni akipita na kuuliza, "Kamba nzuri hii, nani kawapa?" wote hujibu kwa sauti moja, "Yetu! Tumesokota wenyewe!" Bi Muhanga hutabasamu. Naye Kobe hunyoosha shingo na kusema, "Kipande kile cha chini kabisa, kinachogusa maji, ni changu."

Funzo la hadithi hii ni kwamba kitu cha wote kinadumu kama wote wanakitunza, kila mmoja kwa uwezo wake. Na anayewagawia bure leo bila kufikiri ya kesho, huyo hawapendi nyinyi, anapenda makofi.

Nimeteka, nimewanywesha. Kamba nawaachia nyinyi.