Shahidi wa Njaa wa Lupando

Palikuwa na mzee wa kanisa mmoja pale Lupando, Ambokile jina lake, ambaye tumbo lake liliingia ibadani kwanza, yeye akafuata. Mwaka ule mvua ilikataa, bei zikapanda, watu wakawa wanapima unga kwa kikombe cha chai. Ghala la Ambokile lilijaa mahindi hadi panya wakachagua ya kula. Mchungaji alipomwomba awasaidie wenye shida, mzee alisimama mbele ya waumini akakohoa.

"Nitatoa. Ila matapeli wamezidi! Kila anayetaka mahindi yangu alete shahidi wa njaa yake. Na shahidi mwenyewe awe ameshiba, maana wenye njaa huteteana."

Watu wakatazamana. Aliyeshiba Lupando nzima ni nani?

Tusekile aliyasikia hayo akiwa benchi la nyuma, akachemka. Alikuwa mjane, muuza vitumbua, mwenye mdomo usiojua likizo. Bei ya mafuta ilipomshinda, unga wa mchele uliobaki aliupeleka jiko la kanisa, akawa anawapikia uji wazee na wagonjwa kila siku. Sasa unga umekwisha. Uji wa siku hiyo, ukiinama, ulikuonyesha sura yako.

Jumatatu asubuhi alimkuta Ambokile barazani akichokonoa meno.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuchukua gunia la mahindi ya jiko la kanisa."

"Marahaba. Shahidi yuko wapi?"

"Nimemfuata hapa hapa. Ni wewe."

"Mimi?"

"Umesema awe ameshiba. Nimezunguka mji mzima, mzee, sijapata mwingine."

"Mimi sijaiona hiyo njaa yenu!"

"Ndiyo maana nakuita uje uione."

"Sina nafasi."

"Sawa." Tusekile akafunga kanga yake vizuri. "Nitawaambia watu Mzee Ambokile amekataa ushahidi kwa kuwa naye hajashiba. Sokoni watasema amefilisika. Usijali, nitakuwekea kikombe cha uji."

Ambokile akaruka kama aliyekalia siafu. "Nani amefilisika? Twende!"

Wakamkalisha kwenye kigoda jikoni, kigoda kikalia. Mbele yake wakapanga foleni wazee, wagonjwa, mama mwenye mapacha. Ambokile akawakazia macho.

"Sioni kitu. Naona watu tu."

"Kaa, mzee," Tusekile akasema huku akikoroga. "Itakuja."

Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Saa nane! Kwake, saa sita kamili kuku huwa mezani. Alijaribu kuinuka mara mbili, na kila mara Tusekile akauliza kwa sauti, "Shahidi anakwenda kula? Kumbe hajashiba?" Akaketi tena, jasho likimtoka.

Ndipo tumbo lake likanguruma. Halikunguruma kidogo. Lilinguruma, likapumzika, likabadilisha gia, likapanda mlima. Bibi Sekela, kikongwe asiyesikia vizuri, akageuka kutazama barabarani.

"Pikipiki ya nani hiyo? Iambieni isije ikagonga sufuria!"

Jiko zima likacheka, mama wa mapacha akalazimika kuketi chini.

"Mzee," Tusekile akauliza, "sasa umeiona?"

"Sijaiona," Ambokile akasema kwa taabu. "Nimeisikia."

Bibi Sekela alipoelezwa kwamba si pikipiki, hakucheka. Alikitazama kikombe chake, uji wake wa siku nzima, akamimina nusu kwenye kifuniko cha chupa ya chai, akamsogezea tajiri. "Kunywa, mwanangu. Pole. Inauma, eti?"

Tusekile alishika mwiko bila kukoroga. Alikuwa ameandaa maneno makali matatu, akayaacha yote. Ambokile akanywa. Uji ule mwepesi ulimchukua muda mrefu kuumeza, na hakumtazama mtu.

Alipomaliza akafuta midomo, akasema polepole, "Gunia mtapata. Waje walichukue leo."

Watu wakapiga vigelegele. Vigelegele vile vikamponya haraka mno. Akainua kidevu, akanyoosha koti, akamvuta Tusekile pembeni.

"Sikia, binti. Jumapili usimame kanisani. Useme Mzee Ambokile ametoa mwenyewe, kwa moyo mweupe, bila kusukumwa na mtu yeyote. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee. Nitasema."

"Vizuri sana."

"Ila uongo mkubwa namna hiyo, tena mbele ya madhabahu, hausemeki kwa nguvu za gunia moja. Fanya matatu."