Mtamba wa Macho ya Nyemo

Hapo zamani, si zamani sana, maana wajukuu wa mbuzi wa siku zile ndio wanaotafuna ua wangu mpaka leo, palikuwa na shule katika nchi kavu ya Wagogo. Kando yake lilikuwa zizi la Chedego. Ng'ombe wengi, nzi wengi zaidi! Nzi walijaa usoni kwa binti yake Nyemo, mwanafunzi wa shule hiyo, na baba akatamba: "Hao ni nzi wa ng'ombe wangu. Mtoto wa fukara wangemfuata kwa lipi?"

Macho ya Nyemo yakawa mekundu, yakajaa tongotongo. Muuguzi wa kijiji akaleta dawa, yakapona. Yakaugua tena. Muuguzi akasema, "Huu ni ugonjwa wa vikope. Dawa nitampa tena, lakini asiponawa uso na nzi wakibaki, kope zitageukia ndani zimkwaruze mpaka apofuke."

Chedego akatangaza: "Atakayeyaokoa macho ya mwanangu, nampa mtamba!"

Mwalimu Ndahani akatundika kibuyu chirizi mlangoni: kanyaga kijiti, maji yachirizike. Hujanawa, huingii. Kesho yake kibuyu kikakauka.

Mama Mayeji, jirani wa shule, alikuwa na punda mmoja wa kumbebea maji kutoka kisima cha mbali. Akawa anakijaza kibuyu kila asubuhi, bustani yake ikanyauka. Watoto wakanawa. Nzi wakarudi.

Basi Chedego akameza fahari yake, akahamishia zizi ng'ambo ya kilima. Wapita njia wakadhani amefilisika, wakampa pole. Akazipokea.

Msimu ukapita, macho ya Nyemo meupe pe! Shule nzima ikacheza ngoma, vumbi likatimka, wote wakakimbilia kunawa. Mtamba akaletwa. Muuguzi akasema yeye hagombei, ng'ombe atamfunga wapi?

"Ni wangu," akasema Mwalimu Ndahani. "Bila kibuyu changu nani angenawa?"

"Kibuyu kikavu ni pambo, Mwalimu," akacheka Mama Mayeji. "Maji yangu, na bustani iliyokufa ni yangu."

"Na nzi je?" akadakia Chedego. "Nimeitwa fukara kijiji kizima! Mtamba abaki kwangu."

"Loo, mzee!" akasema Mama Mayeji. "Nzi wenyewe walikuwa wa nani?"

Wakacheka mpaka wakashika mbavu, Chedego akiwazidi wote. Kisha akampa Nyemo kamba ya mtamba. "Macho ni yako, mwanangu. Chagua."

Nyemo akawatazama mmoja mmoja, naye akiwaona vizuri.

Haya, wasikilizaji wangu, kamba ile ingekuwa mkononi mwenu, mngemkabidhi nani?