Fisi Anatambua kwa Kuonja

— Mliolala?
— Hatujalala.
— Mlioshiba?
— Hatujashiba.
— Basi kaeni mkao wa kula, napakua hadithi.
— Pakua, tumeshanawa.

Palikuwa na nchi moja ya majabali. Chini ya majabali palikuwa na bonde, na katika bonde palipita mto. Mwaka mmoja mvua ikasahau njia. Mto ukabaki vidimbwi, majani yakabaki mizizi, wanyama wakaanza kugombana. Pundamilia akasema nyumbu si mwenyeji wa hapa. Nyumbu akasema kanga si mwenyeji wa hapa. Kanga akasema hata mkuyu ule wa mtoni umekuja juzi tu, nao unakunywa maji kuliko wenyeji wote.

Simba, mwenye nchi, akachoka na kelele. Akawaita wote akasema, "Kuanzia leo nchi hii itatunzwa kwa utaratibu. Kila kiumbe atambuliwe: ni nani, anakula nini, analala wapi. Anayejulikana atabaki. Asiyejulikana atahama. Nani ataifanya kazi hii?"

Wote wakatafuta udhuru, maana ilikuwa kazi ya kutembea juani. Twiga alisema yeye huona migongo tu. Kobe alisema yuko tayari, ila wasimharakishe. Ndipo Fisi akanyanyua mkono.

"Mimi nina pua, mzee."

Akapewa kazi. Tangu siku hiyo akawa Bwana Mtambuzi, na aliyemwita Fisi hakuitikiwa.

Sasa, juu ya jabali moja aliishi pimbi mwenye watoto watatu, Kijiwe, Changarawe na kitindamimba Kokoto. Watu walimwita Mama Kijiwe. Hakuwa msemaji. Mbele ya wageni alipenda kujificha nyuma ya watoto wake, ingawa watoto wenyewe walikuwa wadogo kuliko yeye. Lakini macho alikuwa nayo, na jabali lake lilitazama bonde zima.

Akamwona Bwana Mtambuzi akishuka kwa mwendo wake, chapa-vuta, chapa-vuta, akamsimamisha Kwale.

"Wewe ni nani?"

"Mimi kwale, bwana."

"Kila mtu anaweza kusema hivyo. Siwezi kujua mpaka nionje."

Nyafu. Manyoya mawili yakapeperuka. Fisi akafuta mdomo akasema, "Nimemtambua. Alikuwa kwale."

Chapa-vuta, chapa-vuta, mpaka kidimbwini.

"Wewe ni nani?"

"Kambare, baba."

"Samaki ana magamba. Wewe magamba huna, masharubu unayo. Yaonekana wewe ni mzee wa watu, umeanguka majini. Siwezi kujua mpaka nionje."

Nyafu. "Nimemtambua. Alikuwa kambare. Ana miiba."

Chapa-vuta, chapa-vuta, mpaka kichakani. Digidigi alipoulizwa yeye ni nani, akaanza kueleza ukoo wake tangu babu mzaa babu. Hakufika kwa baba.

"Nimemtambua," alisema Fisi akijichokonoa meno. "Alikuwa digidigi. Alikuwa na maneno mengi."

Jioni Simba akamuuliza kazi inaendaje.

"Vizuri sana, mzee. Wote niliowatambua wameacha kugombana."

Simba akafumbua jicho moja, akatazama bonde. "Kweli," akasema. "Naona hata nafasi imepatikana." Akalifumba tena.

Asubuhi yake Mama Kijiwe alikuwa anaota jua na wanawe, mara akasikia chapa-vuta, chapa-vuta, inapanda jabali. Hapakuwa na pa kukimbilia. Nyuma yao jabali liliishia kwenye genge, mbele yao palikuwa na meno.

"Shikamoo, Bwana Mtambuzi."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Mimi pimbi, bwana. Na hawa wanangu."

Fisi akamzunguka. "Masikio ya panya, lakini panya ana mkia. Unakula majani kama mbuzi, lakini mbuzi ana pembe. Umekaa kama sungura aliyekatwa masikio. Wa ukoo gani wewe?"

Mama Kijiwe akainamisha kichwa. "Ukoo wa Tembo, bwana. Ukitazama kucha zetu, na haya meno mawili ya mbele, utaona."

Fisi akacheka mpaka akaegemea jabali. "He-he-hee. Mama, hata uongo uwe na kipimo chake."

Bahati nzuri, au mbaya, Tembo mwenyewe alikuwa anapita hapo chini na wenzake, wakienda kutafuta maji. Mama Kijiwe akajikaza akaita, "Mjomba. Mjomba Tembo. Mwambie huyu bwana kwamba sisi ni jamaa."

Tembo akasimama. Akamtazama pimbi. Akawatazama wenzake, ambao nao walikuwa wanamtazama yeye. Akakohoa.

"Jamaa ni wengi," akasema. "Wengine huwa nawakanyaga bila kujua." Akaenda zake, masikio yakipiga pwa, pwa, pwa.

"Umesikia," alisema Fisi. "Hamjulikani. Siwezi kujua mpaka nionje. Nitaanza na huyu mdogo, maana cha kuonja hakihitaji kuwa kikubwa."

Kokoto akaingia chini ya tumbo la mama yake, akabaki pua tu nje. Aibu yote ya Mama Kijiwe ikakimbia, ikamwacha peke yake na Fisi. Basi akasema.

"Ni haki, Bwana Mtambuzi. Sisi tupo, mbio hatuna. Ninalosikitikia ni jina lako."

"Jina langu limefanya nini?"

"Leo mchana Simba anakutana na watu wote bondeni. Je, akikuuliza habari za wale wenye manyoya ya dhahabu?"

Fisi akaacha kumkodolea Kokoto macho, akamtazama mama. "Manyoya gani ya dhahabu?"

"Wale wa kichakani, kule mto unapopinda. Manyoya mafupi, laini, kama ya mtoto wa simba. Wamening'inia mafungumafungu, na hawajawahi kumwambia mtu wao ni nani."

"Ni wanono?"

"Wamejaa, bwana."

"Ni wengi?"

"Kama watoto wakati wa uji."

"Wanakimbia?"

"Hata hawasogei."

Fisi akameza mate, glu. "Kuna mtu ameshawaonja?"

"Hakuna aliyethubutu. Hata nyani wakifika pale hupita mbali."

Na angalieni, Mama Kijiwe hakusema uongo hata neno moja. Wale mliowahi kwenda kuokota kuni wakati wa kiangazi, mkarudi mnalia, mmeshawajua wenye manyoya ya dhahabu. Wengine ngojeni kidogo.

"Msiondoke hapa," alisema Fisi. "Nakuja kuwamalizia."

"Twende wapi, bwana?"

Chapa-vuta, chapa-vuta, mbio mpaka mto unapopinda. Akawakuta kweli. Wamening'inia kwa mafungu, wamekaa kimya, manyoya yanang'aa juani.

"Wewe ni nani?" Fisi akaliuliza fungu la kwanza.

Kimya.

"Unamjua unayemnyamazia?"

Kimya. Upepo ukapita, vinyoya viwili vitatu vikamwangukia puani.

"Siwezi kujua mpaka nionje," alisema Fisi. Na kwa kuwa aliogopa wenzake wasije wakamkuta wakaomba, hakuonja mmoja. Alipanua mdomo, akalikumbatia fungu zima kwa miguu ya mbele, akatia kinywani.

Nyafu.

Ulikuwa upupu.

Kwanza hakuna kitu. Fisi akatafuna, akashangaa ni nyama gani isiyo na damu. Halafu ulimi ukawasha kidogo. Halafu pua. Halafu shavu, shingo, kifua, tumbo, na huko nyuma ambako mtu mwenye cheo hajikuni mbele za watu. Fisi akajikuna, kwaru. Kumbe kuukuna upupu ni kuualika nyumbani. Kwaru-kwaru. Kwaru-kwaru-kwaru. Akagaagaa vumbini, ukasambaa. Akaingia kidimbwini, akatoka na tope mpaka machoni. Akakaa chini akajiburuza kwa makalio kama mkokoteni uliopoteza gurudumu, akielekea kwa Simba kuomba msaada.

Huko bondeni watu wote walikuwa wamekaa. Mama Kijiwe alikuwa ameshafika na wanawe, kajibanza nyuma ya kichuguu. Mara wakaona kitu kinakuja. Midomo imevimba kama maandazi. Macho hayaonekani. Manyoya yamebaki viraka. Hakitembei, kinajiburuza, na kila kikifika mahali kinasimama kujikuna.

"Huyu ni nani?" aliuliza Simba.

"Bibi. Bibi bi bisi," kilisema kile kitu.

"Anasema nini?"

"Anamtafuta bibi yake," alisema Kobe.

"Twiga, unamjua?"

"Mgongo wake si wa hapa, mzee."

"Tembo?"

"Wala si wa ukoo wangu," alisema Tembo haraka.

Simba akakuna kidevu. "Mtambuzi yuko wapi? Mwiteni amtambue."

Wakamwita Mtambuzi. Hakuitika mtu, ila kile kitu ndicho kilichopiga kelele zaidi, bi-bi-bi-bi, mpaka Simba akakiambia kinyamaze, kuna kazi inafanyika.

Ndipo sauti ndogo ikatoka nyuma ya kichuguu.

"Samahani, mzee. Kwa utaratibu wa Bwana Mtambuzi, mtu hawezi kujulikana mpaka aonjwe."

"Ndivyo anavyofanya?" aliuliza Simba.

"Ndivyo," walisema wote waliokuwa na ndugu waliotambuliwa, na walikuwa wengi.

Simba akamtazama mgeni kuanzia midomo mpaka makalio. Harufu ikamfikia. Akarudi hatua moja.

"Nani ataonja?"

Kila mtu akaangalia kidole chake cha mguu. Tai, ambaye hula vitu ambavyo hatuwezi kuvitaja wakati watoto wanakula, alisema leo tumbo linamsumbua.

"Basi hajulikani," alisema Simba. "Asiyejulikana ahame."

Wakamsindikiza kwa mawe na magome ya miti mpaka ng'ambo ya mto. Huko alijikuna mpaka mvua za masika, na hadi leo ukimwona fisi anachechemea, usimuulize ni nani. Hapendi swali hilo.

Simba akageuka nyuma ya kichuguu. "Na wewe uliyesema, wa nani wewe?"

Kabla Mama Kijiwe hajafungua mdomo, Tembo alikuwa ameshafika, amesimama karibu naye na mwili wake wote.

"Huyu ni mpwa wangu, mzee," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka majabalini. "Damu yangu kabisa. Tazama meno."

Mama Kijiwe akamtazama Tembo juu mpaka shingo ikamuuma.

"Shikamoo, mjomba," akasema. "Sogea kidogo, unawazibia watoto jua."

— Chungu kimefika chini.
— Kwanguani ukoko.
— Na fundisho?
— Tupe.

Hadithi hii inatufundisha kwamba mtoto mwenye adabu huonja chochote anachowekewa, bila kuuliza hiki ni kitu gani. Kwa hiyo kesho mchana nisisikie mtu ananiuliza hii ni mboga gani.