Maji ya Kinywa Kimoja

Waliokuwepo sebuleni Alhamisi ile ni hawa: Namkunda, mgonjwa, Naelijwa Kisaka, mama yake, Senkondo Mbwambo, mume wa Namkunda, wa Mbwambo wa Makanya, si wa Kisangara, Nakiete, dada mkubwa wa Namkunda, na mimi, mjomba wao, mshika bakuli la maji.

Kila mmoja wa wale watatu alikuwa amempa Namkunda kitu. Mama alimpa damu, ileile ya bibi yao, aliyekufa viungo vimevimba na mashavu yamewiva kwa wekundu. Mume alimpa shamba la vitunguu huko tambarare. Akamtoa kwenye ukungu wa milimani, naye Namkunda akalima juani miaka mitano. Dada alimpa kijiko: Nakiete alipougua homa ya tezi, walikunywa uji kwa kijiko kimoja, kama walivyozoea tangu utoto.

Daktari alituambia mwili wa Namkunda umegeuka kujipiga wenyewe.

"Damu iliuweka tayari, homa huenda iliuamsha, jua likauchochea. Kimoja peke yake pengine kisingetosha. Mrudisheni Ijumaa, figo zimeguswa."

Lakini kwetu mgonjwa havuki kizingiti kabla aliyemdhuru, hata bila kukusudia, hajakiri, akanywa funda la maji ya bakuli na kulitema mlangoni. Na maji ni ya kinywa kimoja. Wakitema wawili, yamebatilika.

"Lete hapa, kaka," alisema Naelijwa. "Tumbo ni langu."

"Mama, na Nakiete ametoka tumbo lipi? Mbona mzima?" aliuliza Senkondo. "Jua ni langu mimi."

"Shemeji, acha kujivuna! Tambarare nzima inaota jua hilo, wote wamelala kitandani?" alisema Nakiete. "Kijiko kilikuwa changu."

"Kijiko hicho nami nimekilia," mama yake akamjibu. "Nimeugua?"

Namkunda akacheka kwa shida. "Mnanigombania kuliko siku ya mahari. Mjomba, si unywe wewe, twende zetu?"

Sikuweza. Mshika bakuli hanywi.

Ijumaa ikapita. Jumamosi nayo ikapita, kila mmoja akiamini kinywa chake ndicho kitakachomponya, na hakuna aliyekubali kumwachia mwenzake. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji kila asubuhi.

Je, wewe ungeamua vipi? Bakuli ungempa nani?

Namkunda alifariki Jumatatu, saa nne asubuhi.