Chandu Aliyeapa Kutonawa

Sogeeni, wanangu, ila zibeni pua, maana hadithi hii inanuka.

Zimwi lilimla Kheri, mdogo wake Chandu. Chandu akamwapia mama yao, Bi Mize: "Sinawi, sikogi, mpaka nimlipie kisasi mdogo wangu."

Mara ya kwanza alipokwenda porini, zimwi likanguruma, "Nanusa mtu!" Chandu akatimua mbio. Mwaka ukapita, akarudi. "Nanusa mtu," likasema, "lakini ameoza." Akakimbia tena. Mara ya tatu nzi walimfuata kama mzoga, na zimwi likacheka: "Karibu, ndugu yangu, tule!"

Chunguni kilielea kiganja kidogo chenye hina. Chandu alijua akikataa atagundulika, basi akala. Akala, jamani! Akalamba vidole vyake vyenye ukoko mweusi, kisha akaomba mchuzi zaidi. Zimwi lilipolala, akalikata kichwa.

Akarudi nacho nyumbani mchana kweupe. Bi Mize akatoka na birika na beseni, akammiminia maji. Yakaruka kando, yakakataa kumgusa. Chandu hata hakuona. Alikuwa anamnusa mama yake, na mate yanamchuruzika kidevuni.

"Mama, mbona unanukia vizuri hivyo?"

Bi Mize akarudi nyuma, akaingia ndani, akatia komeo.

"Mama, fungua! Ni mimi, Chandu, mwanao!"

"Nilikuwa na wana wawili," akajibu Bi Mize nyuma ya mlango. "Zimwi limewala wote."

Haya, imetosha. Nendeni mkanawe.