Walinzi wa Kambi Tupu

"Mlinzi aliyefundwa na mgeni hulinda mlango wa mgeni." Mmemsikia Bibi Kalekwa akimwambia hivyo mwanawe, mkacheka. Msicheke. Methali hii ilianza hivi.

Zamani mji wa Igulya haukuwa na askari. Wavamizi wakija kuteka watu, aliyewaona alipiga yowe, na kila kaya ilipigana mlangoni pake, mwanamume kwa mkuki, mwanamke kwa mchi. Haikupendeza machoni, lakini watoto walibaki.

Kisha wakaja wageni wenye bunduki, wakapiga kambi kando ya mji. Walipoona namna tulivyopigana walicheka mno. "Hii ni fujo," walisema. Wakawakusanya vijana wote wenye nguvu, wakawavisha kofia nyekundu, wakawafundisha jambo moja tu: ngoma ikilia, kimbilieni kambini, jipangeni langoni, msiondoke. Mihayo, mwana wa Nyamizi, akafanywa mkubwa wao. Na wazee wetu, Mungu awasamehe, walishangilia. Hakuna aliyeuliza kwa nini mazoezi hayafanywi milangoni petu.

Msimu mmoja wageni waliitwa kwao. Walibeba bunduki zao, wakaacha mikuki, kofia na ngoma. "Sasa mji una jeshi," walisema, wakaenda zao.

Wavamizi hawakukawia. Walitokea mchana kweupe kwenye mashamba ya mtama. Ngoma ikalia. Vijana wakatoka mbio majumbani mwao, wakawaacha wake na wadogo zao, wakajipanga kwenye lango la kambi. Mstari ulinyooka vizuri kabisa.

Nyamizi aliwafikia akihema.

"Mihayo! Wanamchukua dada yako! Njoo, baba!"

"Mama, hapa ndipo mahali petu."

"Mnalinda nini? Humo ndani mna nini?"

Mihayo aligeuka akatazama. Mlikuwa na majivu ya meko ya wageni, basi. Akaitazama njia ya nyumbani, lakini miguu haikunyanyuka.

"Hatukufundishwa kulinda kwingine, mama."

Nyamizi alirudi mbio peke yake. Hakumkuta bintiye, wala binti wa jirani.

Mihayo alikuwa kijana mwema, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Jioni walirudi wote wazima, hakuna hata aliyekwaruzwa, maana hakuna mvamizi anayehangaika na kambi tupu. Waliita majina milangoni, wasiitikiwe. Nyamizi hakumlaani mwanawe. Alimtazama tu, akasema, "Mlinzi aliyefundwa na mgeni hulinda mlango wa mgeni."