Filimbi ya Fintan na Wimbo wa Sorcha

Sogeeni karibu. Hadithi hii naianza mimi, lakini wa kuimaliza ni ninyi.

Huko Ayalandi, nchi ya mvua na majani mabichi, katika kijiji cha Kilbrona, waliishi majirani watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake. Malaki, seremala wa majeneza, alikuwa na mikono ambayo mti haukuwahi kuibishia. Dervla, mfugaji, alikuwa na sikio: wimbo aliousikia leo, kesho aliwaimbia ng'ombe wake akiwakamua. Attracta alikuwa na miguu. Enzi zake akiingia kucheza dansi, wengine walitafuta viti. Siku hizi magoti yamemgeuka.

Wote watatu walifundishwa kupuliza na mzee Fintan, jikoni kwake, kwa vifilimbi vya bati. Hakumtoza mtu. "Mimi pia nilipewa bure," alikuwa akisema. Hapakuwa na harusi wala matanga Kilbrona bila filimbi yake, nayo ilikuwa ya mpingo. Ndiyo, mpingo wetu huu huu, uliovuka bahari ukaenda kuimba ugenini!

Siku ya harusi yake, Fintan alimtungia mkewe Sorcha wimbo wa sehemu mbili, kama zilivyo nyimbo za kwao. Hakukubali urekodiwe. Alisema wimbo ukifungiwa kwenye mashine haukui tena. Basi ukaishi kifuani mwake.

Sorcha akafariki. Haukupita muda, Fintan akapigwa na kiharusi. Binti yake Nuala, ambaye hakujaliwa kupuliza hata kifilimbi, alipokwenda kumuuguza hospitalini aliogopa filimbi isije ikaingiwa na unyevu. Akaiweka kwenye rafu juu ya jiko, ipate joto. Mpingo ukakauka, ukapasuka kuanzia tundu la mdomo hadi katikati. Alichokifanya kwa mapenzi ndicho kilichoiharibu.

Mzee akarudi nyumbani. Pumzi zilikuwepo, vidole vilikuwepo, wimbo haukuwepo: kiharusi kilikuwa kimeufuta.

"Nuala, mwanangu," alisema, "nataka nimpigie mama yako mara moja tu, kabla sijamfuata. Sijui hata pa kuanzia."

Nuala alilia, akajifuta machozi, akaenda kwa majirani.

Malaki aliugusa ufa. "Gundi peke yake haiuwezi huu. Lazima ufungwe kwa pete za fedha." Fedha hakuwa nayo, ila vijiko vya harusi yake mwenyewe. Akaviyeyusha, akaufunga ufa. Mkewe alinuna, kisha akamshikia koleo.

Dervla alikuja na mabuti yenye samadi. Akasimama kando ya kitanda, akaimba sehemu ya kwanza bila maneno, vile vile anavyowaimbia ng'ombe. Fintan akaidaka, akaimba naye. Walipofika katikati, Dervla akanyamaza.

"Samahani, mzee wangu. Ulipokuwa ukifika hapa, mimi siku zote nilikuwa nimeshakimbilia kukamua."

Attracta, aliyekuja naye, akaomba meza isogezwe. "Sauti yake siikumbuki," alisema, "lakini miguu yangu inaikumbuka." Akacheza sehemu ya pili juu ya sakafu ya mawe, ameuma meno, kwa magoti ambayo daktari alishayapiga marufuku. Fintan aliitazama ile miguu. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya blanketi. Akaomba filimbi.

Akampigia Sorcha wimbo wake, mwanzo hadi mwisho. Nuala, pale mlangoni, alishukuru hadi maneno yakamwishia.

"Nikiondoka," mzee alisema, "filimbi apewe aliyenirudishia Sorcha."

"Yupi huyo, mzee?" aliuliza Attracta, akijikanda goti.

Mzee akatabasamu. Alikwenda zake kabla ya majani kuchipua, na jibu akaenda nalo.

Baada ya matanga, Nuala aliwaita jikoni, akawamiminia chai.

"Mpe Dervla," alisema Malaki. "Bila wimbo, mimi nilitengeneza fimbo tu."

"Mpe Attracta," alisema Dervla. "Nusu daraja halimvushi mtu."

"Mpe Malaki!" alisema Attracta. "Au mlitaka mzee apulize goti langu?"

Wakacheka, na Nuala akacheka huku machozi yanamtoka. "Basi mkae nayo kwa zamu," alisema.

Malaki akatikisa kichwa. "Leo nyumba ya joto, kesho nyumba ya baridi, zile pete hazitaushika ufa. Na ikikaa bila kupulizwa itakauka. Inataka nyumba moja na pumzi ya mtu mmoja."

Nuala ameishika filimbi ya baba yake. Aliipasua mara moja kwa mapenzi, na hataki kuipasua tena. Anawapenda wote watatu, anawashukuru wote watatu, na wote watatu wameinamia vikombe vyao, hakuna anayenyoosha mkono.

Chai inapoa, jamani. Wewe uliyekaa hapo unanitazama, ungekuwa Nuala, filimbi ungempa nani?